Ripoti ya usiku iliyochukua saa tano nzima, na kompaila tuliyoibebesha kosa lisilo lake

Kisa hiki mimi mwenyewe nilikuwemo, tena nilikuwa mmoja wa waliokosea. Jina la taasisi, nchi, mji na majina ya watu nimeyatoa yote, na tarakimu nimezikata kidogo ziwe rahisi kusomeka ila uwiano wake sijaugusa. Naandika kwa ajili ya wale wanaoandika programu kwa Python, PHP, Java au lugha yoyote ya juu, alafu siku moja bosi anakuja anauliza mbona hii kitu iko slo, na jibu la haraka linalokuja mdomoni ni "lugha yenyewe ndo nzito".

## Hali ilivyokuwa

Taasisi ni ya fedha, ya saizi ya kati, inakopesha watu wa biashara ndogondogo na kupokea marejesho kwa simu. Kila usiku saa sita seva inaanza kazi tatu: inavuta miamala ya siku ile kutoka kwa mitandao ya simu, inahakikisha hakuna muamala unaoingia mara mbili (maana laini ikikatika katikati watoa huduma hutuma tena yaleyale), alafu inapiga riba ya kila akaunti na kutoa ripoti ambayo matawi yanaikuta asubuhi. Yote hiyo ni Python, iliandikwa miaka kadhaa nyuma na mtu ambaye sisi tulikuta ameshaondoka, na niseme kweli aliandika vizuri, unasoma unaelewa.

Timu ilikuwa watu wanne, mimi, vijana wawili wa programu, na dada mmoja anayeshika databesi.

Shida ilikuwa muda. Usiku wa kawaida tulikuwa na miamala kama 120,000, na kila mmoja unalinganishwa na namba za kumbukumbu za siku 30 zilizopita, yaani kama milioni 3.6. Kazi ikianza saa sita usiku inamaliza saa kumi na moja kasoro alfajiri. Hiyo bado ilivumilika, ila mwisho wa mwezi watu wakilipa kwa wingi miamala inafika 200,000 na kazi inamalizika saa mbili asubuhi, muda uleule matawi yanafungua milango, na meneja wa tawi anakaa na foleni mbele yake bila kujua nani amelipa nani hajalipa.

Kuna kitu kimoja kilikuwa wazi mbele ya macho yetu na hatukukiona, naomba ukishike mapema. Mwaka mmoja nyuma, miamala ilipokuwa nusu ya hii, kazi ilikuwa inachukua saa 1 na dakika 12. Miamala imeongezeka mara 2, muda umeongezeka mara 4. Tuliziona hizo namba kwenye kumbukumbu za seva, tukasema "eeh, biashara inakua".

## Hatua ya kwanza: kupandisha toleo

Tulianza na lililo rahisi. Seva ilikuwa na Python 3.8, tukapandisha hadi 3.11, toleo lililotoka Oktoba 2022 ambalo watengenezaji wenyewe walisema lina kasi ya wastani wa asilimia 25 juu ya 3.10. Sababu yake ni ya kweli kabisa: intapreta ya 3.11, yaani programu inayosoma na kuendesha msimbo wa Python, inaangalia msimbo unavyokimbia, ikiona mahali fulani kila siku zinajumlishwa namba mbili za aina moja basi inabadilisha ile baitikodi (maelekezo ya kati ambayo intapreta inayaendesha) pale pale iwe ya aina hiyo, isipoteze muda kuuliza kila mara "hiki ni nini".

Tulitegemea saa moja nzima iondoke. Zikaondoka dakika 2.

Hapo ndo tulipotakiwa kusimama tujiulize. Kama asilimia 25 ya kasi ya lugha haionekani kabisa, maana yake muda hauliwi na lugha. Badala yake tukasema Python haina matumaini, tuhame.

Kabla ya kuhama tulijaribu pia cProfile, profaila (kifaa cha kupima muda unaliwa wapi ndani ya programu) inayokuja na Python yenyewe. Ikatuonyesha kuwa asilimia 95 na kitu ya muda iko ndani ya fanksheni moja ya kukagua muamala, inayoitwa mara 120,000. Tukaitafsiri tunavyotaka: "unaona, kuita fanksheni kwenye Python ni ghali". Kumbe cProfile inahesabu muda kwa fanksheni, haishuki mpaka mstari, na opereta kama `in` (inayouliza kama kitu kimo ndani ya kingine) haihesabiwi kuwa fanksheni, kwaiyo gharama yake inabandikwa kwa fanksheni iliyoibeba na wewe huoni mwizi ni nani humo ndani.

## Jaribio lililotudanganya

Kijana mmoja wa timu, ana bidii sana na ndo anaijua C kuliko sisi wote, akaja na jaribio la kasi. Lupu inayojumlisha namba kuanzia 0 hadi milioni 100. Python ilichukua sekunde 6 na kitu. Ya C, imekompailiwa (imegeuzwa kuwa maelekezo ya mashine) na Clang, kompaila ya C, kwa -O2, swichi ya kuiambia iongeze kasi, ikaandika sekunde 0.00.

Aliionyesha kwenye kikao mbele ya bosi. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Siku ileile tukapewa wiki 6 za kuandika upya ile kazi ya usiku kwa C.

Sasa tuseme kilichotokea kwenye ile 0.00. Prosesa ya kawaida inapiga mizunguko bilioni 3 hivi kwa sekunde, kwaiyo kujumlisha mara milioni 100 hatua kwa hatua hakuwezi kuwa sifuri, lazima angalau sekunde 0.03 hivi zionekane. Ikitokea sifuri ujue kazi haikufanyika. Ile programu ya C ilikuwa inajumlisha kwenye variabo ambayo mwisho wake haichapishwi wala haitumiki popote, na kompaila ikifanya optimaizesheni inaruhusiwa kuondoa kitu chochote ambacho hakibadilishi kinachoonekana nje. Lupu yote ikafutwa. Tulipima muda wa programu tupu.

Baadaye, tumeshachelewa, tuliongeza mstari wa kuchapisha jumla. Bado ikawa karibu sifuri! Hapo Clang ilikuwa imefanya jambo lingine zuri zaidi, iligundua kuwa lupu inajumlisha 0, 1, 2, 3 na kuendelea, ikaiweka ile fomula ya darasani ya n mara (n−1) gawa kwa 2. Kuzidisha mara moja, basi. Mimi hilo lilinifurahisha sana nilipoliona kwenye asembli, kwa kweli ni kazi ya watu wenye akili, lakini halina uhusiano wowote na miamala ya marejesho ya mikopo, ambayo hakuna fomula ya kuijua kabla hujaisoma.

## Wiki tano za C, na senti za mama mhasibu

Kijana alifanya kazi kweli kweli. Mwisho wa wiki ya 4 toleo la C lilikuwa linakimbia, na kazi ya saa 5 ikawa dakika 44. Tulifurahi mno. Tukaanza kuendesha zote mbili sambamba, ya Python na ya C, ripoti mbili zinakwenda kwa mama mhasibu kulinganisha.

Siku ya pili akatuita. Akaweka karatasi mbili mezani, amezungushia kwa kalamu nyekundu. "Wanangu, hizi senti nne zimetoka wapi?"

Tukamwambia mama, ni senti nne kwenye mabilioni. Akatujibu kwamba yeye hana shida na ukubwa wake, shida yake ni kwamba hakuna anayeweza kumweleza, na kitu kisichoelezeka leo kikiwa senti nne kesho hakina mpaka. Alikataa kusaini. Nasema wazi kwamba yule mama alikuwa sahihi kuliko sisi wote wanne, na kukataa kwake ndo kulikookoa hii kazi.

Tulikaa siku tatu kutafuta zile senti, tukakuta sababu tatu tofauti, kila moja ina somo lake.

Ya kwanza ni swichi ya -Ofast. Kijana aliitumia kwa sababu iliongeza kasi kwenye sehemu ya riba, na iliongeza kweli. Ila -Ofast inabeba ndani yake -ffast-math, na hiyo inaipa kompaila ruhusa ya kupanga upya hesabu za floti (namba za desimali za kompyuta) kana kwamba ni hesabu za kwenye daftari. Kwenye daftari (a + b) + c na a + (b + c) ni kitu kimoja. Kwenye floti za kompyuta siyo, kwa sababu kila hatua inakatwa ibaki na tarakimu 15 au 16 za maana. Bila ile ruhusa, kompaila inalazimika kujumlisha mmoja mmoja kwa mpangilio ulioandika, ikipewa ruhusa inagawa orodha mafungu, inajumlisha kila fungu peke yake kwa maelekezo ya vekta, yanayoshika namba kadhaa kwa mkupuo, alafu inaunganisha mwishoni. Mbaya zaidi alikuwa ameweka na -march=native, inayomaanisha tengeneza kwa ajili ya mashine hii hii. Laptopu yake ya zamani ilikuwa na vekta za floti 2 kwa wakati, seva ina za 4. Mafungu tofauti, jumla tofauti. Msimbo uleule, data ileile, majibu mawili.

Ya pili, tulirudi -O2 bila -Ofast na bado senti moja ikagoma kwenye baadhi ya akaunti. Seva ina elekezo moja linalozidisha na kujumlisha kwa mkupuo, linakata tarakimu mara moja badala ya mara mbili, na matoleo mapya ya Clang yanaruhusiwa kulitumia ndani ya usemi mmoja hata hujaomba. Jibu lake kihesabu ni sahihi zaidi, ila siyo lile la Python.

Ya tatu ilikuwa kosa letu, kompaila haimo kabisa. Kukadiria. Python 3 ukiiambia `round(2.5)` inakupa 2, kwa sababu nusu inakwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. C inakupa 3, nusu inakwenda juu. Na kwenye senti ni hivohivo: `round(2.675, 2)` ya Python inatoa 2.67, kwa sababu 2.675 ndani ya kompyuta ni pungufu kidogo sana ya 2.675, wakati njia ya C aliyoitumia kijana, zidisha kwa 100, kadiria, gawa kwa 100, inatoa 2.68. Akaunti laki 3, kila moja inakadiriwa kila siku. Ajabu ni kwamba zilitoka senti nne tu, maana nyingi zilikuwa zinafutana juu na chini.

## Dada wa databesi na mstari mmoja

Sisi tukiwa tumezama kwenye senti, yule dada alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Usiku mmoja, ile ya Python ikiwa inakimbia seva, akaipachika py-spy, profaila inayochungulia programu ikiwa inaendelea bila kuizima na kuianzisha upya, na yenyewe inakuonyesha mpaka namba ya mstari. Karibu kila ilipochungulia, programu ilikuwa imesimama mstari huuhuu:

`if kumbukumbu in zilizoingia:`

Alinitumia picha ya skrini saa saba usiku na maneno matatu, "hii ni orodha". Nilikuwa kitandani, nikakaa.

`zilizoingia` ilikuwa orodha ya kawaida ya Python yenye namba milioni 3.6. Ukiuliza kama kitu kimo ndani ya orodha, inaanza wa kwanza inakwenda mpaka wa mwisho. Na miamala karibu yote ni mipya, haimo, maana yake kila mmoja unalazimisha orodha nzima isomwe mpaka mwisho ndipo ijibiwe "hapana". Mara 120,000. Hiyo ni zaidi ya ulinganisho bilioni 400 kila usiku.

Sasa angalia mambo yote yanavyojipanga. Muda kuongezeka mara 4 miamala ikiongezeka mara 2, ni kwa sababu pande zote mbili za kuzidisha zinakua pamoja. Python 3.11 kutosaidia, ni kwa sababu kupekua orodha kwa `in` hakufanywi na baitikodi, kunafanywa ndani ya intapreta kwa C iliyokwisha kukompailiwa zamani! Yaani tuliikimbia Python kwenda C wakati ule mstari ulikuwa tayari unaendeshwa na C. Zile dakika 2 zilizopungua zilitoka kwenye sehemu ya riba, ambayo ndo Python yenyewe.

Na ile C yetu ya dakika 44? Kijana alikuwa amehamisha msimbo mstari kwa mstari kwa uaminifu, kwaiyo nayo ilikuwa inapekua safu nzima. Dakika 40 kati ya hizo 44 zilikuwa upekuzi uleule, umebanwa vizuri kwenye memori.

Kesho yake dada akabadilisha orodha kuwa seti, neno moja, `set(...)` kuzungushia. Seti inatumia hashi, namba inayokokotolewa kutoka kwenye kitu chenyewe, inaenda moja kwa moja mahali kitu kinapotakiwa kuwepo. Kazi ya usiku ikamalizika kwa dakika 9. Python, seva ileile.

## Tuliamuaje baada ya hapo

Tuliisimamisha ile C. Haikuwa rahisi, wiki 5 za mtu ni wiki 5, na kijana aliumia, nilikaa naye nikamwambia kwamba uamuzi wa kuanza ulikuwa wetu wote na mimi mkubwa wake ndo nilitakiwa kuuliza ile 0.00 imetoka wapi. Sababu za kuisimamisha zilikuwa mbili: dakika 9 zinatosha, na sisi wanne ni mmoja tu aliyekuwa na uwezo wa kuitunza C.

Fedha tukazihamisha zote kutoka floti kwenda namba kamili za senti. Kanuni ya kukadiria tulikwenda kumuuliza mama mhasibu, akachagua, ikaandikwa kwenye karatasi ikasainiwa, alafu tukaiandika kwa mkono kwenye msimbo badala ya kutegemea `round` ya lugha yoyote.

Katika dakika 9, dakika 5 zilikuwa riba: akaunti laki 3, wastani wa siku 400 kila moja, hatua milioni 120. Hapa sasa ndo penye kazi halali ya kompaila. Ni lupu fupi, aina za namba zinajulikana, inarudiwa mamilioni. CPython, ile intapreta ya kawaida ya Python, inapokutana na a + b haijui a ni namba au maandishi au orodha, inauliza, inatafuta njia, inaunda kitu kipya kwenye memori kwa ajili ya jibu, na 3.11 imepunguza sehemu tu ya hayo. Tukaichukua ile fanksheni moja tukaiweka Numba, ambayo inasoma fanksheni ya Python, inatambua aina za namba zinazoingia, na kuikompaili kwa LLVM. LLVM ni injini ileile iliyo ndani ya Clang, ndiyo iliyofuta lupu yetu kwenye lile jaribio. Dakika 5 zikawa sekunde chache, na nyingi ya hizo ni kukompaili kwenyewe.

Tahadhari moja tuliyoichukua hapo, nayo ni muhimu kwa yeyote wa fedha. Namba kamili za Python hazina kikomo, za Numba ni biti 64, mwisho wake ni kama 9.22 × 10^18, na ukivuka haikuambii, inazunguka inakuwa hasi. Salio la shilingi bilioni 10 ni senti 10^12. Zidisha kwa riba ya asilimia 20 iliyoandikwa kwa sehemu za milioni, unapata 2 × 10^17, salama. Fomula ya zamani ilikuwa inazidisha na siku 365 kabla ya kugawa, hiyo ingetoa 7.3 × 10^19 na kupasuka kimyakimya. Tukabadilisha mpangilio wa kugawa, tukaweka na ukaguzi wa salio la juu kabla fanksheni haijaitwa.

## Kilichofeli na kilichosaidia

Jaribio la kasi la kwanza lilifeli kwa sababu lilipima kitu ambacho hatukuwa nacho. Hakuna mahali popote kwenye kazi yetu palipojumlisha namba mfululizo. Kama kijana angechukua miamala halisi ya siku moja, hata elfu 10 tu, na ile orodha ya milioni 3.6, tofauti ya Python na C ingetoka mara 7 hivi, na tungeuliza mbona siyo mara 100 kama tunavyosikia, na swali hilo lingetufikisha kwenye mstari husika bila wiki 5.

Data ya majaribio nayo ilitufelisha. Faili ya kujaribia ilikuwa na mistari 500, na kwa mistari 500 orodha na seti huoni tofauti. Aliyeandika mwanzo hakukosea hata kidogo, siku zake taasisi ilikuwa na miamala elfu chache kwa mwezi.

Mwaka 1998 mtafiti wa kompaila Todd Proebsting alitoa hoja kwamba optimaizesheni za kompaila huongeza kasi ya programu mara 2 kila baada ya miaka 18, yaani kama asilimia 4 kwa mwaka. Unaweza kubishana na tarakimu, ila mimi nikiweka kando ya kisa chetu naona ukubwa wa vitu: sisi kwenye kile kipande cha ukaguzi tulikuwa tunadai zaidi ya mara 1,000. Kompaila inajua kufuta kazi isiyotumika, kupanga maelekezo, kutumia vekta, kugeuza lupu kuwa fomula. Haijui kwamba swali lako la kweli lilikuwa "nimewahi kuuona huu muamala?", kwaiyo haitokugeuzia orodha kuwa seti, itakupekulia ileile orodha kwa kasi zaidi.

Kilichosaidia: kuendesha zote mbili sambamba kabla ya kuzima ya zamani, bila hivo zile senti zingeingia kwenye vitabu. Mhasibu aliyekataa kusaini. Na mtu mmoja kuchungulia programu halisi, kwenye seva halisi, usiku halisi.

Kuna deni moja limebaki. Dada amesema tangu mwanzo kwamba ukaguzi wa kurudia mara mbili mahali pake ni kwenye databesi yenyewe, faharasa ya pekee kwenye safu ya kumbukumbu, ili muamala wa pili ukataliwe mlangoni hata kama programu imesahau kuuliza, na ile seti tusiipakie kabisa kwenye RAM. Tumeiweka kwenye seva ya majaribio, mwisho wa mwezi huu inaingia kazini. Kazi ya usiku kwa sasa ni dakika 4, na dakika 2 na nusu kati ya hizo ni kusubiri faili za mitandao ya simu zimalize kushuka.